Udongo wa Mkwe Wangu

Ukimwamkia mkwe wangu aliitikia "Marahaba," na papo hapo akauliza, "Nani kakutuma?" Hakujali kama umekuja kumjulia hali, kumpa mkono wa Idi au kumwambia nyumba yake inaungua. Kwake yeye hakuna aliyefika mlangoni kwa miguu yake mwenyewe. Kila mtu alikuwa ametumwa, na kazi iliyobaki ilikuwa kumjua aliyemtuma. Mimi niliyemwoa binti yake niliulizwa swali hilo miaka yote niliyomfahamu, wala sikuwahi kupata jibu la kumridhisha. Nilipomwambia, "Nimekuja mwenyewe, mama," alisema "Ehee," kama mtu aliyekwisha kumshika mwizi na anangoja tu majirani waje.

Alikuwa mfinyanzi, pale Kiegeani, kisiwani kwetu Mafia. Vyungu vyake vilivuka mpaka Bwejuu, wavuvi wakavipikia, na hakuna aliyerudi kulalamika. Mimi nilikuwa fundi kwenye mashine ya kukamulia mafuta ya nazi upande wa Kirongwe, na nyuma ya nyumba yangu nilikuwa na kibanda changu kidogo cha uhunzi. Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilimfahamu kwa sababu ya pua ya mivukuto. Ile pua ya udongo inayopeleka upepo motoni, wafinyanzi wengine walipokuuzia, haikumaliza hata mwezi. Moto uliipasua, nawe ukarudi sokoni. Za mama huyu hazikupasuka. Zilikuwa na rangi ya kijivu, nzito kuliko udongo, na ukiigonga moja kwa ukucha ililia mlio ambao si wa chungu wala si wa kengele.

Siku niliyokwenda kununua ya pili, ya akiba, nilimwuliza maswali mawili. La kwanza, udongo huu umechanganya na nini? La pili niliuliza baada ya kunywa maji niliyoletewa: huyu aliyenipa maji ni nani? Hakunijibu hata moja. Nilipeleka posa, ikakubaliwa, nikaoa. Lakini yale maswali mawili aliyafunga kamba moja, akayaweka. Siku ya harusi, watu wanapiga vigelegele, yeye alinisogelea na kanga yake imefunika nusu ya uso, akaniambia, "Ulikuja kutafuta pua ya mivukuto, ukarudi na posa. Mpaka leo sijajua ulichofuata ni kipi."

Nilicheka, nikidhani ni utani wa harusi. Haukuwa utani. Na tuseme ukweli, binti nilimpenda tangu lile bakuli la maji, lakini ule udongo nao haukunitoka akilini.

Kwetu mkwe ni mtu wa heshima. Huingii uani kwa mama mkwe, humtazami akiwa kazini, huketi naye mkeka mmoja. Utaketi barazani, yeye atakuwa ndani, na mtazungumza kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo. Kwa hiyo mkwe wangu nilimjua zaidi kwa masikio kuliko kwa macho. Nilijua kikohozi chake, nilijua viatu vyake vya mbao, nilijua hasa sauti ya mchi wake. Alasiri, baada ya sala, alikuwa anatwanga kitu nyuma ya ua wa makuti. Si mpunga, maana mpunga una sauti yake laini. Si muhogo mkavu. Kilikuwa kitu kigumu chenye kukwaruza, na alikitwanga taratibu, kwa subira, kama mtu anayesaga jina la mtu.

Mafundi wa mashine sote ni watu wa shaka. Ukiamini kwamba injini imezimwa kwa sababu umeambiwa imezimwa, utabaki na vidole vitatu. Basi nami niliketi barazani pale, kikombe cha kahawa mkononi, nikisikiliza ule mchi na kujiuliza: anatwanga nini? Na kwa ajili ya nani? Kuna siku tumbo liliniuma baada ya kula kwake, nikaacha kula kwake kwa mwezi mzima. Mke wangu alikasirika. "Mama akitaka kukuua," aliniambia, "atakupiga kwa chungu. Hana haja ya kukuwekea kitu kwenye wali."

Alikuwa na tabia ya kugonga. Kila kitu alikigonga kwa kifundo cha kidole cha shahada, akainamisha kichwa na kusikiliza. Chungu kabla ya kukiuza, nazi kabla ya kuinunua, mlango, mtungi wa jirani, hata kaburi la mumewe nilimwona akiligonga siku tuliyolijengea, akatikisa kichwa, akamwambia fundi mwashi arudie kona moja. Kona ilikuwa na ufa kweli. "Mdomo unadanganya," alipenda kusema. "Uso unadanganya. Kitu kilichopita motoni ukikigonga hakina ujanja, kitasema."

Hakupenda kusifiwa. Mtu akimsifia chungu alikirudisha ndani asikiuze siku ile, akisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na yeye hajijui kama ni mgema wa namna gani. Mnunuzi asiyeuliza bei alimfukuza: "Asiyeuliza bei ana lake." Nilipompelekea doti ya kanga ya Idi, aliianika juani siku kadhaa, huku na huku akiigeuza, ndipo akaivaa. Aliniambia baadaye kwamba alitaka kuona kama rangi itachujuka. Nilijua si rangi aliyokuwa akiitafuta.

Na mtu huyo huyo, sikiliza, hakuwahi kufunga mlango wake. Alikwenda bondeni kuchimba udongo, akashinda huko, na nyumba iko wazi, kuku wanaingia na kutoka. Nilimwuliza mara moja, "Mama, huogopi wezi?" Akanijibu, "Mwizi akikuta mlango wazi anashtuka, anafikiri yumo mtu nyuma yake. Nikiufunga nitakuwa nimemwambia kuna kitu." Aliwashuku watu wote, lakini watoto wa mtaa mzima walikula kwake. Hakuamini waganga hata kidogo, na kabla ya kuwasha moto wa kuchomea alifukiza ubani na kupiga Bismillahi kwa sauti mpaka sisi wa barazani tukaitikia. Msiba ukitokea, vyungu vya kupikia matanga vilitoka kwake bure, ila alivigonga kimoja kimoja mbele ya wafiwa, na wafiwa walisubiri.

Kisha vikaja vita, vile vya Hitler. Kwetu Mafia risasi hatukuzisikia, tulisikia uhaba. Nguo ziliadimika, mafuta ya taa yaliadimika, na kwangu mimi kilichoadimika zaidi kilikuwa bushi. Bushi ni pete nene ya shaba ambayo shafti ya mashine huzunguka ndani yake. Likilika, shafti inayumba, na shafti ikiyumba mashine nzima itajitafuna yenyewe. La mashine yetu lililika. Tajiri wetu, Mwarabu wa hapa hapa, babu yake kazikwa Kirongwe, aliagiza jingine Dar es Salaam, akajibiwa shaba yote inakwenda vitani. Nikachonga bushi la mti mgumu. Liliungua kabla ya juma kwisha. Nikachonga jingine, nalo moshi ukafuka mchana watu wakadhani mbata, zile nazi kavu za kukamua, zimeshika moto. Mashine ikasimama. Watu waliokuwa wakiuza nazi zao kwetu wakaanza kukaa barazani wakitutazama, nami nikawa narudi nyumbani mikono mitupu.

Asubuhi moja mke wangu aliniwekea kitu kwenye mkeka, kimefungwa kwa jani la mgomba. Ilikuwa pete ya kijivu, nene, nzito, imelowa mafuta ya nazi mpaka inateleza. Nikajua mara moja imetoka wapi.

"Mama kasema ujaribu hili," mke wangu akasema.

"Kipimo kakipata wapi?"

"Sijui. Labda kakisia."

Kipenyo kile hakikisiwi. Nililipachika bushi lile kwenye shafti kwa mkono, likakaa kama limezaliwa hapo. Hapo ndipo shaka iliponishika kweli kweli. Mama huyu hajawahi kukanyaga kwenye mashine yetu. Nani amempimia? Nililificha bushi chini ya gunia siku nyingi, mashine imesimama na tajiri ananuna, kwa kuwa sikutaka kutia ndani ya mashine ya watu kitu ambacho sijui kimefanywa kwa nini na kwa nia gani. Mwishowe njaa ilishinda shaka. Nikalitia, nikawasha injini, nikarudi nyuma hatua kadhaa kama anavyofanya mtu aliyewasha fataki.

Shafti ikazunguka. Haikupiga kelele, haikufuka moshi. Kadiri bushi lilivyopata joto ndivyo lilivyotoa jasho la mafuta, tone kwa tone, likajilainisha lenyewe. Nilipozima injini likayanywa tena yale mafuta. Nililitazama mpaka Magharibi. Lilikuwa gumu kama kigae, lakini nilipolipiga nyundo kidogo halikuvunjika kama kigae. Liliipokea nyundo kama chuma kinavyoipokea. Nimefanya kazi za chuma tangu nikiwa kijana, na sijapata kuona kitu cha namna ile.

Nikaenda kumshukuru. "Marahaba, nani kakutuma?" Nikamwambia nimekuja kutoa shukrani, na je, anataka nini? Akajibu kutoka nyuma ya mlango, "Sitaki kitu." Nilirudi nimezidi kuingiwa na wasiwasi. Mtu anayetaka kitu unamjua.

Tangu siku hiyo mashine ilikula kwa mabushi yake, na watoto wangu walikula kwa mashine. Bushi moja lilidumu miezi, likalika, jingine likaja kwenye jani la mgomba. Nikawa na jambo moja tu moyoni: mama huyu ni mtu mzima, siku moja Mungu atamchukua, na siku hiyo tutabaki na nini? Nilitaka kujua anachochanganya. Na kila nilivyotaka ndivyo yeye alivyoona yale aliyoyashuku tangu siku ya harusi.

Chuma kilikuwamo, hilo nililijua kwa rangi na uzito. Unga wa chuma. Na hapo nikaanza kuangalia chini ya jiliwa langu, pale ninapokaza vyuma na kuvipiga tupa. Unga wa tupa ulikuwa unaanguka chini kila siku, na kila siku ulikuwa haupo. Nikamshuku mlinzi. Nikamwotea. Nikamshuku mpakia magunia, tukagombana hata salamu zikakatika. Kikulacho ki nguoni mwako, niliwaambia wote pale kazini, na nilikuwa nawatazama nguo zao. Mke wangu akiniletea chakula adhuhuri alinikuta nimenuna, akanipakulia, na nikiwa nakula akashika ufagio, akanifagilia chini ya jiliwa. Nilikuwa nikiona, Alhamdulillahi, angalau nina mke.

Yeye sikumwuliza lolote la udongo. Kwao kulikuwa na mwiko: binti aliyeolewa hafinyangi kwa mumewe mama yake akiwa hai, udongo utamkataa mmoja wao. Sikuwahi kumwona ameshika hata tope la kukandika ukuta. Nikamtoa kabisa katika hesabu zangu.

Nikajaribu mwenyewe. Nilichimba udongo bondeni, nikachanganya na unga wa chuma, nikafinyanga pete, nikaikausha kivulini na kuitia motoni katika kibanda changu. Ilianza vizuri. Kisha chuma kikashika kutu ndani kwa ndani, pete ikavimba, ikawa nyekundu, na ghafla ikapasuka kwa kishindo, kipande kimoja kikalipiga birika la chai likamwagika lote. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaokota vipande kimoja kimoja, akavifunga kwenye pindo la kanga.

"Unavipeleka wapi?"

"Visije vikamkata mtoto mguu, Baba Mwanaisha. Na wewe waachie wenyewe kazi yao."

Nilimweleza mkwe wangu habari hiyo barazani, nikidhani atacheka na kulegea. Hakucheka. Akasema kutoka ndani, "Udongo ukiingia motoni unanywea. Chuma hakinywei, kinatanuka. Ukiwafungia chumba kimoja bila mpatanishi, mmoja atampasua mwenziwe." Nikasogea karibu na mlango. "Na mpatanishi wao ni nani, mama?" Nikasikia viatu vya mbao vikienda zao uani. Baadaye kidogo mchi ukaanza.

Wakati mmoja alikuja Mzungu wa serikali kutoka Dar es Salaam. Zilikuwa zimepelekwa habari kwamba tajiri wetu ameficha shaba, maana mashine za wengine zimesimama na yake inanguruma. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, anajua mashine. Alifungua kifuniko kwa mkono wake, akategemea kuona shaba, akakuta kigae kinachotoka jasho. Alikigusa, akakinusa, akakaa juu ya gunia la mbata. Kwa Kiswahili chake cha kuungaunga alituambia kwamba Ulaya wako watu wenye maabara zao, kazi yao ni kutafuta hiki hiki: kitu chenye uvumilivu wa udongo kwenye moto na uvumilivu wa chuma kwenye pigo, wakitie katika injini zinazopata joto kali mno kwa chuma kitupu. Aliomba aonyeshwe aliyelifanya. Mimi nilisema moyoni, huyu hana haja ya bushi, huyu anapeleleza. Tajiri akasema moyoni hivyo hivyo, nilimwona. Na Mzungu mwenyewe alitutazama kana kwamba bado anaamini shaba iko chini ya sakafu.

Tukampeleka Kiegeani. Mkwe wangu alimkaribisha vizuri, akampa madafu, akamwuliza hali ya mkewe, ya watoto, ya safari, ya bahari. Mzungu alipopata nafasi akauliza kuna nini ndani ya bushi. Akajibiwa, "Udongo, chuma na Bismillahi." Akauliza moto wake unakuwaje. "Wa kuni." Tajiri akaona aibu, akaingilia kati kwa ule upole wake, "Mama, mficha uchi hazai." Mkwe wangu akamjibu, "Mimi nishazaa, Sheikh. Tena binti."

Mgeni alipoondoka, mama yule alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea minazini. "Kama kwao wanajua," akasema, "wamefuata nini huku?" Safari ile sisi wawili tulikuwa na shaka moja.

Miaka ikapita. Vita vilikwisha, mabushi ya shaba hayakuja. Mkwe wangu akazeeka, na uzee ulimwanzia masikioni. Maneno ya watu aliyasikia ukipaza sauti. Kilichompotea kilikuwa ule mlio mwembamba wa kigae. Nililigundua hilo siku aliyouza chungu chenye ufa kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na mnunuzi kwa heshima hakukirudisha. Tangu hapo mabushi yalikuja machache, kisha likaja moja, kisha hayakuja. Lililokuwa kwenye mashine likaanza kuyumbisha shafti. Tajiri akaniita, akaniambia bila ukali, "Fundi, hilo likivunjika nafunga mashine, nauza injini. Mama mkwe wako ana siri ya riziki ya watu wengi. Kazungumze naye, kabla siku hazijaisha."

Kabla sijamwendea, yeye akanitumia salamu nije.

Nilibisha hodi. "Shikamoo, mama!" nikapaza. "Marahaba," akajibu, na nikangoja swali lake. Halikuja. Badala yake akasema, "Ingia uani."

Nilisimama pale mlangoni, sijui nifanye nini na viatu vyangu. Miaka yote ile sikuwahi kupita barazani. Nikaingia nimeinamisha macho. Uani palikuwa pamefagiliwa. Palikuwa na shimo la kuchomea, chungu kikubwa chenye kifuniko kilichozibwa kwa udongo pembeni pote, lundo la makaa ya vifuu, na chini ya ukingo wa paa safu za pete zilizopasuka, pete nyingi sana, kubwa na ndogo, nyingine zimepinda, nyingine zimevimba kama ile yangu. Katikati ya ua kilikuwapo kinu. Ndani ya kinu mlikuwa na unga wa kijivu na vigae vya pete ambavyo havijasagika bado. Nikaelewa nilichokuwa nikikisikiliza alasiri zote zile kutoka barazani.

Alikuwa ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Mkononi alikuwa na bushi moja.

"Ndilo la mwisho nililolichoma," akasema. "Mimi siku hizi silisikii. Ligonge wewe, uniambie."

Nikalipokea. Nilijua maana ya bushi lile. Likiwa zima, mashine itakwenda miezi kadhaa zaidi, nami nitapata muda. Likiwa bovu, kesho tajiri anafunga. Na mbele yangu alikuwa ameketi mama mmoja aliyechoka, anaitazama midomo yangu. Nililigonga kwa kifundo cha kidole, kama alivyokuwa akigonga yeye, nikainamisha kichwa. Mlio ulianza vizuri, kisha ukakatika katikati. Nikaligonga tena upande wa pili. Ukakatika tena pale pale. Roho iliniuma. Nilitamani kumwambia ni zima, usiku apate kulala, na mimi nikajue mwenyewe la kufanya nalo.

"Lina ufa, mama," nikapaza.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Haliwezi kazi."

Akatikisa kichwa polepole. "Najua. Juzi nimelipiga mchi mwenyewe."

Nikakaa chini pale pale, juu ya udongo mtupu, mbele ya mkwe wangu. Sikujua nicheke au nikasirike. Basi nikauliza jambo la kijinga, nilitupe wapi.

"Utupe nini!" akaniambia, kwa ukali wake ule wa zamani. "Lililopasuka ndilo linaloshika. Lishapita motoni, limekwisha kugombana, halinywei tena. Ndiye mpatanishi mwenyewe. Mpelekee mkeo, yeye atajua la kufanya nalo."

"Mke wangu?"

"Anajua tangu hajavunja ungo. Mwiko umemkataza kufinyanga kwako, haukumkataza kujua. Unadhani kipimo cha shafti yako nilikiota? Alikipima kwa ukindu wa kusukia mkeka, wewe unakula."

Nikaona ufagio chini ya jiliwa. Nikaona pindo la kanga limefungwa vipande. Nilikuwa nimewapekua kwa macho watu wote wa kazini, nimegombana na mpakia magunia mpaka leo hatujapatana, na yule aliyekuwa akinipakulia wali sikumtilia shaka hata siku moja.

"Hata lile lako lililomwaga chai," mama akasema, "nilikuwa nimekwisha kulisaga kabla hujaja kunisimulia. Unga wake nimeutumia kidogo kidogo, umo hata ndani ya hilo linalozunguka kazini kwako sasa hivi."

Kisha nikamwuliza kwa nini hawakuniambia, miaka yote hii, mimi na watoto tunaishi kwa mashine hiyo.

"Siku moja ulikuja na maswali mawili. Nilitaka kujua lipi lilitangulia moyoni. Nikamwambia binti yangu, usimwambie mpaka nihakikishe. Leo asubuhi nimempa ruhusa ya udongo, mwiko nimeutoa. Hayo yenu."

"Na umehakikisha, mama?"

Alinitazama sana, kanga imemshuka mabegani wala hakuipandisha. Kisha akanyoosha mkono, akakunja kidole cha shahada, akanigonga begani mara mbili, ngo, ngo, kama mtungi wa jirani. Akaliinamisha sikio lake lile bovu karibu na bega langu, akasikiliza kwa muda mrefu. Mimi nilizuia hata pumzi.

"Sisikii kitu siku hizi," akasema. "Itabidi nikuamini tu."

Akapandisha kanga yake kichwani, akaniambia nitoke, bushi lile nisiliangushe njiani.